Mtoto kamaliza kidato cha sita: kuaplai chuo na mkopo wa Bodi, hatua kwa hatua

Wazazi wenzangu, mimi nimeshasindikiza wawili mpaka chuo. Wa kwanza, wa kiume, nilihangaika mpaka presha ikapanda, wa pili wa kike nikalala usingizi wangu vizuri tu, na tofauti haikuwa matokeo wala hela maana hela ilikuwa ile ile ya kuungaunga, tofauti ilikuwa makaratasi. Kwa kaka mtu nilianza kukimbizana matokeo yakishatoka. Kwa dada mtu nilianza Desemba akiwa bado likizo. Kwa hiyo nawapangia mambo kwa mwendo wa kalenda, na naongelea Tanzania, mtoto anayetoka kidato cha sita kwenda digrii, mkopo ni wa HESLB yaani Bodi ya Mikopo.

Hatua ya 1: Makaratasi, kabla hata ya mtihani

Mtihani wa sita ni Mei. Likizo ya Desemba kabla ya hapo kaa na mtoto mezani mtoe vyeti vyote muviweke pamoja, cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, halafu msome majina herufi kwa herufi. Usicheke. Wangu cheti cha kuzaliwa kiliandikwa Zainabu na cha NECTA (Baraza la Mitihani) Zainab, hiyo "u" moja tu, na kuna mtu kwa jirani mtoto wake ana majina matatu kwenye cheti cha kuzaliwa na shuleni alisajiliwa kwa mawili. Ukikuta tofauti nenda kwa wakili au mahakamani mpate kiapo cha majina mapema, kipindi ambacho hakuna foleni, kwa sababu Agosti kila mzazi anatafuta hicho hicho.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya vizazi na vifo, kwa waliozaliwa Zanzibar wakala wao ni ZCSRA. Unafanya mtandaoni, unapakia cheti kilichoskaniwa, unalipa ada ndogo, unasubiri majibu. Na hapa wengi wanasahau: kama mzazi mmoja au wote wamefariki, vyeti vya vifo navyo vinahakikiwa hivyo hivyo. Kuna ndugu waliozika kijijini miaka kumi iliyopita hawakuwahi kufuatilia cheti cha kifo, wana kibali cha mazishi tu, sasa mtoto ni yatima kweli kila mtu anajua mpaka mwenyekiti wa mtaa, ila Bodi haimjui mwenyekiti wako, inajua cheti. Kama ndo hali yako anza leo, hilo ni jambo la wiki na wiki.

Vingine vya kuweka kwenye hilo faili: namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mdhamini (wa kwetu alikuwa baba mdogo wa watoto, tulimuomba mapema kwa heshima, sio unamvamia siku ya mwisho) na picha yake ya pasipoti, namba ya kaya ya TASAF kama mpo kwenye huo mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, fomu za daktari kama kuna ulemavu kwa mtoto au mzazi. Na kama mtoto alisomeshwa sekondari na mfadhili, kanisa, msikiti, taasisi, yeyote yule, pata uthibitisho wa maandishi. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Bodi inaangalia mtoto alisoma wapi, akionekana alisoma shule ya binafsi ya ada kubwa mfumo unaona wazazi mna uwezo, kumbe alikuwa anasaidiwa mwanzo mwisho.

Hatua ya 2: Laini ya simu na barua pepe ziwe za kwenu

Hapa ndo nilipoungua na kaka mtu. Sikuwa najua kompyuta, tukaenda steshenari moja pale stendi, kijana mchangamfu kweli, akasema mama kaa hapo nakufanyia kila kitu elfu kumi na tano. Akafanya kweli. Mtoto akapata vyuo viwili, tukashangilia, halafu tukaambiwa aliyepata zaidi ya chuo kimoja anatumiwa namba ya siri kwa meseji ya kuthibitisha anakwenda wapi. Tukakaa tukasubiri meseji. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Kumbe yule kijana alijaza namba yake na barua pepe yake kwenye akaunti, ili afanye haraka, na akaunti za wateja wake wote ziko kwenye simu yake. Tukaenda stendi tukakuta kibanda kimefungwa, amekwenda msibani kwao huko, simu haipatikani. Tulimpata siku moja kabla dirisha la kuthibitisha halijafungwa, akiwa juu ya mti anatafuta netiweki, hivyo alivyotuambia mwenyewe.

Sisemi msiende steshenari, kuskani na kuprinti utafanyia wapi. Ninachosema: laini isajiliwe kwa jina la mzazi au mtoto, isiwe ya kubadilisha badilisha, barua pepe mfungue wenyewe nyumbani kwenye simu, na majina ya akaunti na pasiwedi yaandikwe kwenye daftari la karatasi. Sisi tuna daftari la kava la bluu, ukurasa mmoja chuo kimoja. Ukikaa steshenari kaa kwenye kiti jirani uone anachoandika.

Hatua ya 3: Kozi mchague kabla hajaenda JKT

Wanaomaliza sita wanaitwa kwenye mafunzo ya mujibu wa sheria ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), wanaripoti makambini kuanzia mwisho wa Mei au mwanzoni mwa Juni, na wanakaa kama miezi mitatu. Sasa piga hesabu: matokeo yanatoka Julai, dirisha la vyuo linafunguliwa Julai, dirisha la mkopo linafunguliwa katikati ya mwaka na mara nyingi linafungwa mwisho wa Agosti, na mtoto yuko kambi ya Msange Tabora anakimbia mchakamchaka bila simu. Atakayeaplai ni wewe. Dada mtu alinipigia mara moja tu kwa simu ya kuazima, kama dakika mbili, na zote aliuliza "mama umeshaniwekea chuo?" na mimi nikamjibu chaguo la kwanza mpaka la mwisho kama tulivyoandika, akakata akiwa na amani.

Kwa hiyo mkae wiki moja ya mwisho kabla hajaondoka. Shusha kile kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha wenye kidato cha sita, ni cha bure kwenye tovuti yao, kimeorodhesha kila chuo na kila kozi, masomo yanayotakiwa, pointi, na miaka. Kama cha mwaka huu hakijatoka tumieni cha mwaka jana kwa kupanga, kikitoka kipya utalinganisha.

Na hapo mtagombana. Ni kawaida. Wangu alisoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na mimi moyoni nilishamuita daktari tangu yuko darasa la tano. Akaniambia wazi "mama mimi damu siiwezi, nataka mambo ya chakula na lishe". Nilinuna siku mbili. Baba yake ndo akaniuliza swali la maana, wewe ndo utakayekaa darasani miaka mitano na intanship mwaka juu yake, au yeye? Tukakubaliana chaguo la kwanza lake, la pili lake, la tatu la kwangu.

Ushauri wa kupanga machaguo: wekeni ile anayoitaka ambayo ushindani wake ni mkubwa, kisha mbili ambazo kwa matarajio yenu anaingia vizuri, kisha moja ya uhakika ambayo akipangiwa atakwenda kweli. Usiweke kozi ya kujazia nafasi tu, ndo hiyo hiyo atakayopangiwa. Na muangalie miji. Chuo kilicho kwenye mji ambao shangazi ana chumba cha ziada kinapunguza gharama kuliko mkopo wowote.

Hatua ya 4: Matokeo yametoka, hesabu pointi

A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha kuingia digrii ni prinsipo mbili (prinsipo ni ufaulu wa A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo yanayohusika na kozi, kwa hiyo D mbili zinatosha, C na E zinatosha. Lakini hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba, sio cha kupata. Udaktari wa binadamu kwa mfano unataka prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia, D kila moja angalau, jumla 6, halafu nenda kaangalie wanaoingia Muhimbili wana nini utaelewa. Usiangalie divisheni peke yake, mtoto ana divisheni ya pili nzuri kabisa ila somo ambalo kozi inalitaka kapata S, ambayo iko chini ya prinsipo, hapo hakuna chuo cha kumbembeleza.

Maombi yanapelekwa moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo, sio TCU, TCU wanasimamia tu. Kila chuo kina ada yake ya maombi, kawaida elfu kumi, isiyorudishwa, kwa hiyo vyuo vitatu au vinne vinatosha, usimwage hela kwenye kumi. Omba awamu ya kwanza. Kuna awamu ya pili na wakati mwingine ya tatu, ila kozi zinazogombewa zinakuwa zimejaa.

Kama pointi hazijafika usimfokee, zipo njia. Diploma zinapitia NACTVET, baraza la serikali la elimu ya ufundi, au chuo husika, Chuo Kikuu Huria wana kozi ya faundesheni, na kuanzia 2023/24 Bodi ilianza kutoa mkopo hata wa stashahada kwa baadhi ya fani za kipaumbele. Mtoto wa dada yangu alipita diploma ya ufundi na sasa hivi ana kazi, wenzake wa digrii bado wanatembeza bahasha.

Hatua ya 5: Mkopo. Hapa tulia

Fomu inajazwa mtandaoni kwenye mfumo wa Bodi unaoitwa OLAMS, ada ni elfu 30, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu au benki. Usisubiri barua ya chuo, unaomba mkopo wakati huo huo unaomba chuo. Na namba ya mtihani ya kidato cha nne unayoweka huku iwe ile ile uliyoweka chuoni, kama mtoto alirudia mtihani ana namba mbili chagua moja ya kufungulia huku na kule, na ile nyingine uitaje panapoulizwa. Mfumo wa Bodi unamtafuta kwa hiyo namba. Ukichanganya, chuo kina mwanafunzi na Bodi ina mwombaji na hawa wawili hawajuani.

Jaza ukweli. Kuna watu watakushauri jifanye mjane na mume unaye ndani anaangalia taarifa ya habari. Achana nao, taarifa zinahakikiwa, na mtoto ndo atakayebeba.

Ukimaliza unaprinti fomu na mkataba, halafu inaanza safari ya sahihi: mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu kama kamishna wa viapo. Sisi dada mtu alirudi toka Tabora Jumapili usiku, mweusi kama mkaa na sauti imekauka, dirisha limebaki siku tisa. Fomu nilikuwa nimeshajaza yote nimebakiza sahihi tu, baba mdogo nilishamwambia asisafiri. Jumatatu asubuhi ofisi ya mtaa, saa nane kwa wakili, jioni steshenari kuskani. Jumatano nikapitia tena kila ukurasa kwenye simu kabla ya kutuma, nikakuta muhuri wa wakili umekatwa nusu na skana, jina halisomeki. Tukarudi tukaskani upya, shilingi mia tano tu. Kaka mtu kosa kama hilo hilo lilifanya jina lake litoke kwenye orodha ya waombaji wenye dosari, tukapewa siku chache za kurekebisha na mimi niko safarini. Kwa hiyo: picha ionekane uso, muhuri uonekane wote, sahihi isivuke mstari, ukurasa usipinde. Na usitume siku ya mwisho, mfumo siku hiyo unakuwa kama daladala la saa kumi na mbili jioni.

Majibu yanatoka kwa awamu kuelekea Oktoba na Novemba, unaangalia kwenye akaunti ya mtoto, ile wanayoita SIPA. Mkopo una vipengele: chakula na malazi, ambayo ndo bumu, tangu 2022/23 kiwango cha juu ni shilingi 10,000 kwa siku, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Halafu ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Sio lazima upate vyote wala asilimia mia. Wengi wanapata bumu na kipande cha ada, kingine ni cha mzazi. Na kama umempeleka chuo binafsi cha ada ya mamilioni, Bodi ina viwango vyake, haiangalii bei ya chuo chako.

Ukikosa au ukipata kidogo kuna dirisha la rufaa. Rufaa sio barua ya kulia, ni kupeleka kitu ambacho hawakukiona mwanzo, kile cheti cha kifo, ile barua ya mfadhili.

Mwambieni mtoto pia kwamba hii ni deni. Akiajiriwa inakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka iishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa inafanya deni lisiishe ilifutwa 2021, kwa hiyo sasa hivi anayelipa anaona linapungua kweli.

Kama mtoto amefaulu vizuri sana kwenye sayansi, angalieni pia Samia Skolashipu, ilianza 2022/23, hiyo ni ufadhili sio mkopo. Majina ya wenye sifa yanatangazwa, kwa hiyo fuatilia matangazo ya wizara na Bodi.

Hatua ya 6: Kuthibitisha

Akipata chuo kimoja hakuna kazi. Akipata viwili au zaidi, anachagua kimoja anathibitisha kwa ile namba ya siri kupitia akaunti ya chuo, ndani ya siku walizopanga. Asipothibitisha nafasi inapewa mwingine. Nimeshaeleza yaliyonikuta, sirudii.

Hatua ya 7: Hela ambayo hakuna atakayekupa

Mkopo hata ukitoka wote, wiki za kwanza chuoni ni za mfuko wako. Bumu halitoki mpaka mtoto asajiliwe, na usajili wenyewe unataka malipo. Chuo cha umma ada ni kama milioni moja kwa mwaka kozi za sanaa, sayansi na uhandisi milioni moja na ushee, vyuo vingi vinaruhusu kulipa kwa awamu lakini ya kwanza wanaitaka mlangoni. Juu yake kuna vidogo vidogo: bima ya afya ya NHIF 50,400 kama hana bima ya mzazi, ada ya TCU elfu 20, serikali ya wanafunzi, kitambulisho, hosteli. Ukijumlisha unaona kumbe sio vidogo. Halafu godoro, ndoo, jiko kama anapanga mtaani, nauli, na chakula cha mwezi mzima mpaka miwili.

Mimi nilicheza kikoba nikaomba zamu yangu iangukie Oktoba, na hao wenzangu niliwaambia tangu Januari kwamba mwaka huu ya Oktoba ni yangu msije mkanigombania. Wengine wanakopa SACCOS kazini. Chochote kile, usipange kwa kutegemea bumu la kwanza. Na usimpe mtoto hela yote mkononi siku ya kuondoka. Kaka mtu alinunua simu.

Akishafika, mambo ya kumkumbusha ni mawili. La kwanza kusaini: hela ikifika chuoni mwanafunzi anasaini ndo inaingia, asiposaini kwa muda uliotangazwa inarudishwa Bodi, na kuifuatilia tena ni shughuli. Nimeona mtoto wa watu analala njaa na bumu lake lilikuwepo wiki mbili kwenye mfumo, alikuwa hasomi matangazo. La pili masomo, maana mkopo wa mwaka wa pili unategemea matokeo ya mwaka wa kwanza. Supu (mitihani ya kurudia somo) moja moja zinaliwa na watu wanaendelea na maisha, ila akidisko, yaani akiondolewa chuo kwa kufeli, mkopo unasimama hapo hapo na deni la mwaka aliosoma linabaki kwa jina lake.

Faili la makaratasi usilitupe, na vyeti halisi vibaki nyumbani, yeye aende na kopi. Kila akihitaji kitu anapiga simu, napiga picha namtumia.